Mwaniaji anapobisha hodi kwa wafanyakazi wa umma

Hata mtoto wa darasa la tatu mjini Isiolo anaujua mlango wa kwanza ambao mwanasiasa hubisha anapotafuta kura. Ni mlango wa wazee. Huko mwaniaji huenda na sukari na majani ya chai, akaketi mkekani, akasikilizwa kwa upole, kisha akarudishwa nyumbani bila jibu na kuambiwa asubiri kuitwa. Kaskazini mwa Kenya baraka ya wazee wa koo hutafutwa mapema kuliko hata tiketi ya chama. Hata hivyo, baraka hiyo si kufuli. Mwaka 2013 baraza la wazee wa Garre katika kaunti ya Mandera lilikaa likapanga nani awanie kiti gani, na miongoni mwa walioshinda alikuwa Ali Roba, gavana wa kwanza wa kaunti hiyo. Baadaye baraza hilo hilo likaamua kwamba waliochaguliwa wahudumu kwa kipindi kimoja tu kisha wawapishe wengine. Roba akakataa, akarudi kwa wapiga kura mwaka 2017, akashinda tena.

Leo, msomaji, tuuache mkeka wa wazee twende kwenye mlango wa pili, ambao hauandikwi sana magazetini. Ni mlango wa chama cha wafanyakazi wa umma: chama cha walimu, cha wauguzi, cha watumishi wa serikali, cha makarani na wafagiaji wa kaunti. Kila uchaguzi unapokaribia, mlango huu nao hubishwa, mara nyingine jioni, mara nyingine kwa simu. Anayebisha hutaka jambo moja: chama kitamke kwamba yeye ndiye mtu wao. Ikiwa baba au mama yako hula mshahara wa serikali, au wewe mwenyewe ni mwanafunzi wa chuo utakayepiga kura kwa mara ya kwanza tarehe 10 Agosti 2027, yafaa ujue kinachoombwa pale, nani ana haki ya kukitoa, na nani hulipa gharama yake.

MJI WA TAREHE ZA MSHAHARA

Isiolo ni mji uliozaliwa na ofisi. Wakoloni waliufanya makao ya utawala wa eneo walilokuwa wakiliita Northern Frontier, na kwa miaka mingi mtu wa kutoka kusini hakuweza kuingia huko bila kibali. Mifugo ndiyo mali ya wengi katika kaunti hii, na kina mama wa maziwa ya ngamia wamejijengea biashara inayofika hadi Eastleigh, Nairobi. Lakini fedha ambayo mwenye duka anaijua itaingia lini ni ile ya mwajiriwa wa umma. Mshahara wa kaunti ukichelewa wiki tatu, daftari la mikopo dukani hujaa, mwenye nyumba hukasirika, na mtoto hurudishwa nyumbani kuifuata karo. Kwa hivyo mambo ya chama cha wafanyakazi, mjini kama huu, si ya wanachama peke yao.

Sasa tuseme wewe ndiwe umeamua kuwania kiti cha mwakilishi wa wadi, yule ambaye wengi wetu bado tunamwita diwani. Kaunti ya Isiolo ina wadi 10, kuanzia Wabera na Bulla Pesa zilizoko mjini hadi Oldonyiro, Cherab, Kinna na Sericho zilizo mbali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima. Ukiwagawanya watu hao kwa wadi 10, kisha ukawaondoa watoto na wasiojiandikisha, unaona mara moja kwamba kura mia chache zinaweza kukupeleka bungeni mwa kaunti au kukurudisha dukani kwako.

Basi unachukua kalamu. Walimu wa wadi yako ni kadhaa, wauguzi kadhaa, makarani, askari wa kaunti, wakusanya ushuru sokoni. Kila mmoja ana mke au mume, ana shemeji, ana mama mkwe. Unazidisha kwa tano, na kabla kalamu haijakauka wino umeshajiona umeapishwa na unaitwa mheshimiwa.

Hesabu hiyo ndiyo inayowapoteza wengi. Mwalimu anayefundisha Kinna huenda alijiandikisha kupiga kura kwao Meru, na siku ya uchaguzi atakuwa foleni huko, au hatapiga kabisa. Muuguzi aliyehamishwa kutoka kaunti nyingine huenda hajawahi kubadilisha kituo chake. Na huyo ambaye ni mpiga kura wa hapo ana ukoo wake, ana dini yake, ana rafiki aliyesoma naye ambaye pia anawania. Kadi ya chama cha wafanyakazi iko mfukoni, lakini mfuko huo una kadi nyingine nyingi.

Basi mwaniaji hufuata nini huko? Hufuata neno. Mwalimu ndiye anayesomewa barua na kuulizwa maana yake. Muuguzi wa zahanati ndiye anayejua jina la kila mama na la kila mtoto aliyechanjwa. Mtu wa aina hiyo akisema fulani ni mwema, maneno yake husafiri mbali kuliko ya mwenye kipaza sauti juu ya gari. Na kwa kuwa neno hilo lina uzito namna hiyo, sheria ya Kenya imelitia lijamu.

SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Vyama vya Kisiasa ya mwaka 2011, katika kifungu chake cha 12, inamkataza mtumishi wa umma kuwa mwanzilishi au afisa wa chama cha kisiasa, na inamkataza vilevile kuonyesha hadharani kwamba anaunga mkono au anapinga chama au mwaniaji yeyote katika uchaguzi. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003 nayo, hadi ilipofutwa mwaka 2025, ilimtaka asiegemee upande wowote wa kisiasa anapofanya kazi yake. Makatazo haya hayamgusi diwani, mbunge wala gavana, kwa sababu hao kazi yao ndiyo siasa. Yanamgusa mwalimu, muuguzi, karani, msimamizi wa wadi na mfagiaji wa soko.

Wapo wanaonung'unika kwamba huku ni kumfunga mtu mdomo. Mimi nadhani wanaonung'unika hawajaitazama siku yenyewe ya uchaguzi. Kura hupigwa wapi? Madarasani. Ni nani huajiriwa na tume ya uchaguzi kwa kibarua cha siku chache kusimamia vituo, kukagua vitambulisho na kuhesabu kura? Wengi wao ni walimu. Hebu fikiria mwalimu ambaye mwezi jana alipanda jukwaani na kofia ya mwaniaji fulani, na leo ndiye anayeinua karatasi ya kura juu na kusoma jina. Hata akiwa mkweli kama malaika, wakala wa upande wa pili atamwamini vipi? Na mgonjwa aliyevaa fulana ya mwaniaji mwingine atajisikiaje anapoingia chumba cha sindano na kukuta picha ya mpinzani ukutani?

Lakini sheria hiyo inamzungumzia mtumishi. Chama cha wafanyakazi si mtumishi wa umma. Ni jumuiya iliyoandikishwa, yenye katiba yake na viongozi wake, na Katiba ya Kenya ya 2010 katika kifungu cha 41 inampa kila mfanyakazi haki ya kuunda chama, kujiunga nacho, kushiriki shughuli zake na hata kugoma. Ndiyo maana viongozi wa kitaifa hutamka majina ya wanasiasa bila kuitwa mahakamani. Mwaka 2022 katibu mkuu wa COTU, Francis Atwoli, alimuunga mkono Raila Odinga waziwazi. William Ruto akashinda, na baada ya muda Atwoli akaonekana akizungumza vizuri na serikali mpya. Kiongozi wa Nairobi anaweza kufanya mzunguko kama huo na kesho yake akaendelea na kazi.

Katibu wa tawi la Isiolo hana nafasi hiyo. Yeye mara nyingi bado ni mtumishi wa umma, anafundisha au anahudumu wodini, na jina lake limo katika orodha ya mishahara. Akisema kwa kinywa cha chama, watu husikia kinywa chake. Na akimtaja mwaniaji aliyeshindwa, aliyeshinda ataketi mbele yake kwa miaka 5.

Hapa ndipo chama cha wafanyakazi wa umma kinapotofautiana na kile cha wafanyakazi wa kiwanda cha sukari au bandari. Mfanyakazi wa kiwanda akimchagua diwani, hajamchagua mwajiri wake. Karani wa kaunti anapopiga kura ya gavana, anamchagua mtu ambaye upande wake ndio utakaokaa ng'ambo ya meza siku ya kujadiliana mishahara. Mwaniaji anayemwomba karani huyo amuunge mkono ni kama anayesema, nisaidie niwe bosi wako. Ukilitazama jambo hili hivyo, unaelewa kwa nini wafanyakazi wengi hukaribisha mgeni, humpa chai, hucheka kwenye utani wake, na hawaahidi chochote. Hofu ya kuhamishiwa kituo cha mbali, au ya jina kurukwa wakati wa kupandishwa cheo, haihitaji kuwa na ushahidi ili imfanye mtu anyamaze.

MLANGO ULIOFUNGULIWA NA MBOYA

Kwa wale wanafunzi wanaodhani vyama vya wafanyakazi na siasa vilijuana juzi, turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Tom Mboya alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi. Huko ndiko alikowakusanya wenzake wakaanzisha chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Kilikuwa kipindi cha hali ya hatari. Wakoloni walikuwa wamepiga marufuku vyama vya kisiasa vya Waafrika vya nchi nzima, lakini vyama vya wafanyakazi viliachwa vikipumua, na siasa ikajipenyeza humo kama maji yanavyotafuta ufa. Machi 1957, Waafrika walipopiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wajumbe wao wa baraza la kutunga sheria, Mboya alimshinda wakili Argwings-Kodhek na kuchukua kiti cha Nairobi. (Viti vya Waafrika vilikuwa vinane, na hakuna hata kimoja kilichokuwa cha Northern Frontier. Isiolo ilikuwa na ofisi nyingi na kura hakuna.)

Chama kile cha Mboya kiliendelea kuishi, na kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 kikachukua jina jipya la chama cha wafanyakazi wa serikali za kaunti. Chama cha watumishi wa serikali kuu hakikuwa na bahati hiyo. Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilikipiga marufuku, pamoja na chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu, na hakikuandikishwa tena hadi 2001. Ukimwona mtumishi wa serikali mwenye umri mkubwa akishuka sauti kila anapotajiwa chama, usimcheke. Nusu ya maisha yake ya kazi aliipitisha bila mtu wa kumsemea.

Ila funzo kubwa kupita yote liko mwaka 1997. Wakati huo KNUT ilikuwa chini ya katibu mkuu Ambrose Adeya Adongo. Walimu waligoma mwezi Oktoba, na uchaguzi mkuu ulikuwa tarehe 29 Desemba. Chama hakikuhitaji kumwidhinisha mtu yeyote. Kalenda ilikiidhinisha chenyewe. Serikali, ikiwa na uchaguzi mlangoni na shule zimefungwa nchi nzima, ilikubali kuongeza mishahara kwa kati ya asilimia 150 na 200, ilipwe kwa awamu katika miaka 5, na marupurupu yakachapishwa katika tangazo rasmi nambari 534 la mwaka huo. Walimu wakarudi darasani wakiimba.

Uchaguzi ukapita. Mwaka 1998 serikali ikasema haina fedha za kuendelea. Walimu wakagoma tena, safari hii hakuna kura iliyokuwa karibu, wakarudi kazini mikono mitupu. Deni la tangazo lile likaendelea kudaiwa mwaka baada ya mwaka, hata mgomo wa walimu wa katikati ya mwaka 2013 ulikuwa bado ukilitaja. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa ahadi alikuwa ameingia sekondari.

Twende 2017. Wauguzi wa kaunti walianza mgomo wa kitaifa tarehe 5 Juni, wakidai mkataba wa pamoja utiwe sahihi. Uchaguzi wa Agosti ukaja ukawapita. Uchaguzi wa marudio wa urais wa Oktoba ukaja ukawapita. Mgomo haukuisha hadi tarehe 2 Novemba. Katika Agosti hiyo Isiolo ilimwondoa gavana wake wa kwanza, Godana Doyo, na kumweka Mohamed Kuti, ambaye ni daktari. Hata kaunti iliyopata daktari kwenye kiti cha juu haikuweza kuumaliza mgomo peke yake, kwani funguo zilikuwa zimegawanywa: moja kwa magavana kwa pamoja, nyingine kwa tume ya mishahara, nyingine kwa hazina ya taifa.

AHADI ZISIZO NA MWENYEWE

Sasa rudi kwenye ule ugombea wako wa wadi. Umekaribishwa, umekaa, soda imefunguliwa. Utawaahidi nini?

Ukiahidi kumpandisha mtu cheo, umeahidi kitu kisicho chako. Wafanyakazi wa kaunti huajiriwa na bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Ukiahidi kuongeza mishahara, lazima tume ya mishahara ya SRC itoe ushauri wake kwanza. Ukiahidi kuajiri vijana wote wa wadi, kanuni za fedha za mwaka 2015 zinasema gharama ya mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti. Ukiwaahidi walimu wa shule za msingi na sekondari, mwajiri wao ni TSC, na bunge la kaunti halina hata kiti cha kukalia katika mkutano huo. Walimu walio chini ya kaunti ni wale wa chekechea peke yao, na hao ndio wanaosahaulika mara nyingi kwenye mikutano ya kampeni.

Diwani ana nini basi? Ana kura yake katika bajeti ya kaunti, na ana haki ya kuuliza maswali ambayo afisa wa kaunti hana budi kuyajibu. Yanaonekana madogo, lakini ukizungumza na wafanyakazi utaona kwamba shida zao nyingi ziko papo hapo. Kaunti nyingi nchini zimekuwa zikikata fedha za pensheni, za mikopo na za akiba kutoka kwa mishahara kisha zinachelewa kuzifikisha zinakopaswa kwenda, na madeni kwa mifuko ya pensheni yamefika mabilioni ya shilingi. Mfanyakazi hustaafu akidhani amejiwekea, kumbe amejiwekea karatasi. Mwaniaji anayesema, "Kila miezi mitatu nitauliza bungeni makato yenu yamefika wapi, na jibu nitalileta hapa," ameahidi kitu kilicho ndani ya uwezo wake.

Isiolo ina swali lake jingine, la afya. Serikali ilipoanza majaribio ya mpango wa afya kwa wote mwezi Desemba 2018, ilichagua kaunti nne: Kisumu, Machakos, Nyeri na Isiolo. Mwaka 2020 wahudumu wa mpango huo wakaajiriwa nchini kote kwa kandarasi, wakakaa miaka wakidai ajira ya kudumu na kuandamana barabarani, na mwaka 2025 serikali ya taifa ikawakabidhi kwa kaunti. Mwaniaji yeyote wa Isiolo asiyekuwa na jibu kuhusu watu hawa asipoteze mafuta ya gari kwenda kuwaona wauguzi.

Ajabu ni kwamba Katiba imewakumbuka wafanyakazi juu na kuwasahau chini. Katika Bunge la Taifa kuna viti 12 vya kuteuliwa kwa ajili ya makundi maalumu, na neno "wafanyakazi" limeandikwa humo pamoja na vijana na watu wenye ulemavu. Kwa mlango huo Wilson Sossion, aliyekuwa katibu mkuu wa KNUT, aliingia bungeni kwa tiketi ya ODM mwaka 2017. Katika bunge la kaunti kifungu cha 177 kinawataja watu wenye ulemavu na vijana, lakini wafanyakazi hakiwataji. Kwa hivyo muuguzi wa Isiolo akitaka sauti katika chumba kinachopitisha bajeti ya dawa na mshahara wake, lazima aipate kwa mtu aliyechaguliwa na wadi.

WENGINE WANAFANYAJE

Marekani, ambako kuidhinisha wawaniaji ni kazi ya kawaida ya vyama vya wafanyakazi wa umma, mwaniaji hapewi jina la chama kwa sababu ya soda. Hutumiwa orodha ya maswali ayajibu kwa maandishi, akaitwa mbele ya kamati ya wanachama akahojiwa, kisha wanachama au wajumbe wao wakapiga kura. Huko nako kuna lijamu: sheria iitwayo Hatch, ya mwaka 1939, inawazuia wafanyakazi wa serikali ya taifa kufanya kampeni wakiwa kazini. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 1913, chama kinachotaka kutumia fedha kwa siasa lazima kiwe na mfuko wa siasa uliotengwa, na mwanachama asiyependa ana haki ya kutochangia. Jambo hili la fedha laudhi hapa kwetu pia. Ada ya chama hukatwa kwenye mshahara kabla mwanachama hajaugusa, na hakukatwa ili akanunuliwe mwanasiasa mabango.

Lakini hata maswali ya maandishi hayamalizi ugumu. Aprili 2023 jiji la Chicago lilimchagua Brandon Johnson kuwa meya. Alikuwa mwalimu, kisha mwajiriwa wa chama cha walimu cha jiji hilo, na chama hicho kilimpigania kwa hali na mali. Mwaka uliofuata chama kikaketi kujadiliana mkataba na mamlaka ya shule iliyo chini ya meya wao wenyewe, na mazungumzo yakachukua karibu mwaka mzima, yakijaa mabishano juu ya fedha, hadi mkataba ulipopitishwa Aprili 2025. Wazazi wa Chicago wakawa wanauliza: pale mezani, anayewakilisha mlipa kodi ni nani? Swali hilo ni halali, na mzazi wa Bulla Pesa ana haki ya kuliuliza pia. Mama anayeuza maziwa ya ngamia hana chama, hana makato, na ushuru wake wa soko ni sehemu ya mshahara unaojadiliwa.

Kwa maoni yangu tawi la chama linalotaka kujiheshimu lina njia nyembamba lakini ipo. Liwaite wawaniaji wote wa wadi au wa ugavana, si mmoja, na liwaite jioni au Jumamosi, nje ya shule na nje ya hospitali. Liwaulize wote maswali yale yale. Majibu yaandikwe, yatiwe sahihi, yabandikwe mahali ambapo hata asiye mwanachama atayasoma. Baada ya hapo tawi halina haja ya kutaja jina. Mwanachama ana macho, naye akiwa peke yake kituoni hakuna sheria inayomzuia kumpa kura anayempenda. Na atakayeshinda, awe nani, atakuta karatasi yenye sahihi yake ikimsubiri, na hatakuwa na sababu ya kumtafuta katibu wa tawi kwa ubaya.

Wanasiasa watalalamika kwamba hilo si kuidhinishwa. Ni kweli kwamba halina picha nzuri ya kupeleka gazetini, ile ya mwaniaji akiinuliwa mkono na viongozi. Lakini walimu wa 1997 walipewa ahadi iliyochapishwa kabisa na serikali, na bado waliikimbiza miaka 16. Ahadi ya mdomo ya mwaniaji wa wadi, iliyotolewa mbele ya watu 20 chini ya mti, utaidai kwa lugha gani?

Amebaki mwaniaji wa aina moja, naye ni yule anayetoka ndani ya chama chenyewe. Tom Odege wa chama cha watumishi wa serikali alichaguliwa mbunge wa Nyatike mwaka 2017, na mwaka huo huo Omboko Milemba wa KUPPET akachaguliwa Emuhaya. Katibu wa tawi huko Isiolo anayewatazama hao na kujiambia kwamba yeye pia anaweza, akumbuke Sheria ya Uchaguzi ya 2011: mtumishi wa umma anayetaka kuwania lazima ajiuzulu angalau miezi 6 kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa uchaguzi wa 2027 hiyo ni mwanzoni mwa Februari. Mshahara utakoma, makato ya mkopo hayatakoma, na shule zitakuwa ndiyo kwanza zimefunguliwa na karo inadaiwa. Akirudi jioni moja kwenye ofisi ile ile aliyokuwa akiifungua kwa ufunguo wake, atabisha hodi kama wengine, na aliyekuwa naibu wake atamkabidhi karatasi ya maswali ayajibu.